Tusimkalishe Mgonjwa Anayeyumba

Katika vijiji vya Mkoa wa Shinyanga, na katika machimbo ya dhahabu ya Geita ambako vijana wengi wa vijiji hivyo huenda kutafuta riziki, mtu anayetembea kwa kuyumba hupewa jina moja tu, nalo ni mlevi. Hukumu hiyo hutolewa upesi, wala haina rufani. Mtu akionekana Samuye saa tatu za asubuhi, miguu ameitanua kama anayevuka tope la mbugani, mkono unapapasa hewa kutafuta pa kushika, na maneno yanamtoka vipande vipande, watoto humcheka na wakubwa hutikisa vichwa. Ni wachache wanaojiuliza kama kweli amekunywa. Na wale wanaojua kwamba hakunywa, kwa kuwa wanaishi naye nyumba moja, mara nyingi wanayo hukumu yao nyingine: kwamba amerogwa, na kwamba dawa yake haiko hospitali.

Baadhi ya watu hao ni wagonjwa wa ubongo. Ugonjwa wao huitwa ataksia, na iko kazi kubwa inayoweza kufanywa kwa ajili yao nyumbani kwao, uani, bila mashine na bila gharama ya kutisha. Kazi hiyo inakwamishwa na upungufu wa watu wa kuifundisha, jambo ambalo Serikali na halmashauri zetu zinaweza kulirekebisha. Lakini inakwamishwa pia na kitu ambacho sote tumezoea kukisifu, nacho ni huruma.

Nyuma ya kichwa, juu kidogo ya shingo, iko sehemu ya ubongo ambayo wataalamu huiita ubongo mdogo. Amri ya kunyanyua mguu haitoki hapo. Kazi ya sehemu hii ni kupima: nguvu kiasi gani itumike, kwa wakati gani, na msuli upi ulegee wakati mwenzake unapokaza. Mtu mzima anayetembea hajui kwamba vipimo hivyo vinafanyika mara nyingi katika kila hatua. Sehemu hiyo ikiumia, nguvu za misuli hubaki, lakini mpangilio hupotea. Mkono unaokwenda kushika kikombe hukipita, kisha hurudi, kisha hukipita tena. Miguu hutanuka ili kuokoa mwili usianguke. Ulimi nao, kwa kuwa ni msuli, hukosa mwendo wake, na ndiyo maana mgonjwa huyu husikika kama aliyelewa. Daktari Gordon Holmes aliyaeleza mambo haya kwa undani mwaka 1917, baada ya kuwachunguza askari waliopigwa risasi au vipande vya mizinga nyuma ya kichwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Vyanzo vya ugonjwa ni vingi. Wengine huurithi katika ukoo, nao huzidi kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Wengine huupata baada ya kiharusi, au baada ya ajali ya pikipiki, ambazo hazina uchache siku hizi. Wapo watoto waliopona malaria kali ya ubongo wakabaki na mwendo usio thabiti. Dawa ya kifafa iitwayo fenitoini, ikizidi kipimo mwilini, huleta kuyumba kwa namna hiyo hiyo. Mgonjwa wa aina hii asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, maana kifafa kitamrudia kwa ukali, bali arudi kwa daktari ili kipimo kiangaliwe upya. Na tuseme kweli, pombe nayo ikinywewa kwa miaka mingi huuharibu ubongo mdogo, na baadhi ya walioacha pombe zamani bado wanayumba. Mtu wa namna hiyo ni mgonjwa kama wengine, na anastahili tiba ile ile.

Kwa sisi wa ukanda huu wa dhahabu, kipo chanzo kingine kinachotuhusu kwa namna ya pekee. Mchimbaji mdogo, akishasaga mawe kwenye karasha na kuyaosha kwenye mwalo, huchanganya zebaki ili ikamate dhahabu, kisha huichoma zebaki hiyo iondoke kwa mvuke. Mvuke huo humwingia kwa pumzi, na akichomea ndani ya nyumba, huwaingia mkewe na watoto pia. Zebaki ina tabia ya kushambulia mishipa ya fahamu na ubongo: huleta mtetemeko wa mikono, usahaulifu, na kuyumba. Mwaka 2003, Rwamagasa ilipokuwa bado katika Mkoa wa Mwanza, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda lilipeleka wataalamu huko. Wakawapima watu 180 wa eneo la machimbo, pamoja na wengine 31 wasiokuwa karibu na zebaki kwa ajili ya kulinganisha. Walichukua damu, mkojo na nywele, tena wakatazama mwendo wa watu hao, mtetemeko wa vidole, na uwezo wa kupeleka kisigino gotini bila kukosea. Miongoni mwa waliokuwa wakichoma zebaki, takriban robo walionekana kuwa wamekwisha kudhurika kwa sumu hiyo. Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata, unaozitaka nchi kupunguza na ikiwezekana kuondoa matumizi ya zebaki katika uchimbaji mdogo. Minamata ni mji wa Japani ambako tangu mwaka 1956 ilijulikana kwamba watu walikuwa wakiyumba, wakipoteza kuona, na wengine kufa, na baadaye ikabainika kwamba walikuwa wakila samaki wenye zebaki ya kiwandani.

Mkataba unamlinda ambaye hajaumia. Aliyekwisha kuumia, aliyerudi kutoka Nyarugusu au Mwakitolyo na sasa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwa mama yake, anahitaji jambo jingine.

Kwa muda mrefu hata madaktari hawakuwa na la kumwambia mtu huyo. Hoja yao ilikuwa na mantiki. Ubongo mdogo, walisema, ndicho kiungo kinachojifunza miendo. Mtoto anayejifunza kutembea na kijana anayejifunza baiskeli hutumia sehemu hiyo. Sasa ikiwa mwalimu mwenyewe ndiye mgonjwa, mwanafunzi atafundishwa na nani? Mazoezi, kwa hoja hiyo, ni kupoteza wakati. Hoja hii ilidumu kwa sababu ilikuwa nzuri kuisikia, na kwa sababu wachache walijishughulisha kuipima.

Ilipopimwa, haikusimama. Mwaka 2009 Winfried Ilg na wenzake huko Ujerumani walichapisha matokeo ya kazi yao na wagonjwa 16 waliofanya mazoezi ya kulinganisha viungo na kujishikilia mwili kwa wiki nne. Wagonjwa waliimarika katika kutembea na kusimama. Walipoangaliwa tena baada ya mwaka mmoja, faida ilikuwa bado inaonekana, ingawa ugonjwa wenyewe ulikuwa umeendelea. Na walionufaika zaidi ni wale walioendelea na mazoezi nyumbani. Wajapani, wakiongozwa na Ichiro Miyai, walichapisha mwaka 2012 matokeo ya wagonjwa 42 waliofanyishwa mazoezi makali hospitalini kwa wiki nne, na wao pia walipata nafuu, ingawa kwa wengi ilipungua kadiri miezi ilivyopita. Sehemu ya ubongo mdogo iliyobaki nzima, pamoja na sehemu nyingine za ubongo, huweza kuchukua kazi. Huchukua polepole, na husahau upesi ikiachwa.

Lakini utafiti unaotufaa zaidi sisi wa vijijini ni wa Jennifer Keller na Amy Bastian wa Baltimore, Marekani, uliochapishwa mwaka 2014. Wao hawakumweka mgonjwa hospitalini. Waliwapa watu 14 mazoezi ya kufanya nyumbani kwa wiki sita, kila mmoja kwa kadiri ya hali yake, na wengi wao wakaimarika katika kutembea, hasa katika kasi ya mwendo. Wakajiuliza ni jambo gani lililomtofautisha aliyeimarika sana na aliyeimarika kidogo. Umri haukuwa jibu, wala ukali wa ugonjwa. Jibu lilikuwa ugumu wa mazoezi yenyewe. Aliyefanya mazoezi yaliyompeleka karibu na ukingo wa kuanguka aliimarika kuliko aliyefanya mazoezi mepesi ambayo hayakumyumbisha.

Hapo ndipo huruma yetu inapokuwa na lawama. Angalia tunavyomtunza mtu wa namna hii. Akiinuka, watu watatu humwambia kaa. Akitaka maji, huletewa. Akitaka kwenda chooni, hushikwa mikono yote miwili kama mzigo wa dhamana. Mke huona aibu majirani wasiseme kwamba amemwacha mumewe aanguke, na mama huona uchungu. Kila mtu anatenda wema, na mgonjwa anaharibika. Ubongo uliokosa kupimwa hupoteza hata kile kidogo kilichobaki, misuli hunywea, baada ya mwaka mmoja mtu aliyekuwa akiyumba hawezi tena kusimama, na watu husema ugonjwa umekwenda mbele. Kwa kiasi fulani ni kweli umekwenda mbele. Kwa kiasi kingine tumeusukuma sisi.

Mazoezi yenyewe yanaweza kuelezwa na kila mwalimu wa shule ya msingi. Mgonjwa aliye dhaifu sana huanzia kwenye kuketi: akae juu ya kigoda kisicho na egemeo, miguu ikigusa ardhi, kisha anyanyue mkono mmoja, halafu wote miwili, halafu ageuze kichwa kulia na kushoto. Akiweza hayo, asimame. Mahali pazuri pa kusimama ni kwenye kona ya nyumba, kuta mbili zikiwa nyuma yake na kiti kizito mbele yake, ili akiyumba upande wowote apate pa kushika. Asimame kwanza miguu ikiwa mbalimbali, kisha aisogeze ikaribiane, kisha igusane. Halafu aweke mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, kama anayesimama juu ya mstari. Hatimaye asimame kwa mguu mmoja.

Kila hatua ina ngazi zake za ugumu. Anayesimama vizuri kwenye ardhi ngumu na asimame juu ya godoro, au juu ya magunia yaliyokunjwa. Anayesimama akitazama mbele na asimame akigeuza kichwa, kisha akiwa amefumba macho. Kutembea nako huchorewa mstari uani kwa jivu: atembee juu yake, ageuke, arudi, avuke vijiti vilivyolazwa, abebe ndoo yenye maji nusu. Kanuni ni kwamba zoezi lisilomyumbisha limekwisha kazi yake, na liongezwe ugumu. Na zoezi linalomwangusha kila mara limezidi, lipunguzwe. Dakika 20 kwa siku zatosha kuanzia, lakini siku ziwe nyingi katika juma, na miezi ifuatane. Katika jambo hili wiki sita ni mwanzo tu.

Msaidizi ni wa lazima. Na asimame karibu bila kumshika mgonjwa. Kitenge kilichokunjwa na kufungwa kiunoni mwa mgonjwa humpa msaidizi pa kukamata mara tu mwenzake anapozidiwa, na wakati mwingine wote mikono yake ikae wazi. Ni vigumu kuliko inavyosikika; mtu mwenye upendo hushika kabla ya wakati. Mazoezi yasifanywe karibu na mafiga yenye moto, wala karibu na kisima, wala sakafuni penye maji. Mgonjwa akichoka, apumzike, kwa sababu uchovu humwangusha hata aliyeanza kupona.

Utafiti mdogo wa Scott Barbuto na wenzake wa New York, uliochapishwa mwaka 2020, uliwalinganisha wagonjwa 20 kwa wiki nne: nusu walifanya mazoezi ya kujishikilia mwili, na nusu walikanyaga baiskeli isiyokwenda nyumbani mwao. Waliokanyaga baiskeli walipata nafuu kubwa zaidi katika kipimo cha jumla cha ugonjwa. Jambo hili lisitufanye tuache mazoezi ya kusimama, maana kila zoezi lina faida yake, lakini ni habari njema kwa Usukuma, ambako baiskeli ni chombo cha kaya nyingi. Baiskeli iliyosimamishwa kwenye stendi yake, gurudumu la nyuma likizunguka hewani, na fremu ikiwa imefungwa barabara kwenye nguzo mbili zilizochimbiwa, yaweza kukanyagwa na mtu ambaye hawezi kuipanda barabarani. Fundi yeyote wa baiskeli aweza kuiandaa.

Lazima yatajwe hapa mambo mawili ya tahadhari. Kwanza, mazoezi hayachukui nafasi ya uchunguzi. Mtu aliyeanza kuyumba ghafla, kwa saa au siku chache, hasa akiwa na kichwa kikali, kutapika, au upande mmoja wa mwili kulegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto anayeamka na maumivu ya kichwa na kutapika kila asubuhi huku mwendo ukibadilika naye asicheleweshwe, maana huenda ana uvimbe kichwani. Pili, aliyedhuriwa na zebaki hatanufaika na zoezi lolote iwapo anarudi kuchoma zebaki kila Jumamosi. Aiache, na familia yake iondolewe kwenye moshi huo. Tafiti nilizozitaja zilifanywa zaidi kwa wagonjwa ambao ubongo wao unadhoofika wenyewe. Mwenye zebaki, mwenye kiharusi na mwenye jeraha la kichwa wanahitaji daktari atazame kila mmoja kwa hali yake, ingawa msingi wa kumfanya mgonjwa asimame na ajaribu unabaki.

Sasa nani atakayeyafundisha haya Samuye? Wataalamu wa tiba ya viungo nchini ni wachache, nao wamejikusanya katika hospitali kubwa. Kutoka Shinyanga mjini hadi Bugando, Mwanza, ni zaidi ya kilomita 150. Mgonjwa aweza kwenda mara moja kupimwa, na inafaa aende. Hawezi kwenda siku tano kwa juma kusimama kwa mguu mmoja mbele ya mtaalamu. Kupanga tiba kwa namna hiyo ni kuamua, bila kutamka, kwamba mtu wa kijijini hatatibiwa.

Nchi hii imekwisha kuonyesha njia nyingine. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya takriban watu wazima milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma, wakajifunza kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kujikinga na malaria, na walimu wakiwa miongoni mwa viongozi wa vikundi hivyo. Hakuna aliyesema wakati huo kwamba elimu ya afya ni ya hospitali peke yake. Shirika la Afya Duniani nalo, baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, lilianza kutoa vitabu vya kumfundisha mtu wa familia namna ya kumzoeza mlemavu nyumbani. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kupata wahudumu zaidi ya 130,000 katika miaka mitano. Wahudumu hao wanafundishwa habari za uzazi, lishe, kifua kikuu na malaria, nayo ni mambo yanayostahili kutangulia. Lakini siku mbili za mafunzo kuhusu mgonjwa asiyejishikilia mwili, zikitolewa na mtaalamu wa viungo kutoka hospitali ya mkoa, hazitauangusha mpango huo. Siku hizo zitamfaa pia mwenye kiharusi, na mzee anayeanguka usiku.

Kuna watakaouliza fungu la fedha litoke wapi. Mtaalamu mmoja, posho ya siku chache, nauli, na karatasi zenye michoro ya mazoezi kumi kwa Kiswahili chepesi: halmashauri inayoweza kugharimia semina ya kawaida inaweza kugharimia hiyo. Kamati ya Maendeleo ya Kata inaweza kuanza hata kabla ya hapo, kwa kuandika orodha ya watu wanaoyumba katika kila kitongoji, ili mganga wa zahanati awajue. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imekwisha kutambua haki yao ya huduma za afya na utengemao. Kinachokosekana ni mtu wa kubisha hodi.

Walimu wana sehemu yao, tena ya karibu zaidi. Katika darasa la watoto wengi, mtoto mwenye ataksia huonekana mvivu na mchafu. Mwandiko wake huruka mistari, kalamu hutoboa karatasi, uji humwagika kifuani, na katika gwaride la asubuhi hawezi kusimama wima. Wapo waliochapwa kwa makosa hayo. Mwalimu anayemwona mtoto wa namna hiyo amwombe aguse pua yake kwa kidole, kisha aguse kidole cha mwalimu, mara kadhaa. Amwombe atembee kisigino kwa vidole juu ya mstari wa uwanja wa netiboli. Mtoto akishindwa, na wenzake wa rika lake wakiweza, mzazi aitwe na barua ya zahanati iandikwe. Darasani mtoto huyo akae karibu na ukuta, kwenye dawati lisilotikisika, apewe daftari lenye mistari mipana, aulizwe majibu kwa mdomo pale inapowezekana, na muda wa nyongeza katika majaribio. Kwenye kipindi cha michezo asiachwe chini ya mti kulinda mashati ya wenzake. Uwanja ule wa netiboli tayari una mistari ya kutembelea, na wako wanafunzi wengi wa kusimama kando yake kwa zamu.